Trei za mayai hazizuii kelele, jamani

Juzi tena. Mteja anataka ukumbi wa muziki na maigizo huko Ggaba, Kampala, karibu na ziwa, ananionyesha kwenye simu picha za Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki wa Hamburg, Ujerumani, "fundi nataka kitu kama hiki", mara bodaboda inaingia na trei za mayai zimefungwa kwa mpira mpaka zimempita dereva kichwa. Eti za kuzuia kelele.

Trei ni karatasi nyepesi, inapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba humo humo ndani, basi, lakini besi ya baa ya jirani inapita kama vile hakuna kitu, na cheche moja ya waya imekuunguzia ukumbi. Kelele inazuiwa na uzito na kuziba matundu, yaani ukuta wa tofali uliopigwa plasta, nafasi ya hewa, halafu ukuta wa pili usiogusana na wa kwanza, na mlango mzito wenye raba kuzunguka fremu. Hao wa Hamburg walijenga juu ya ghala la zamani la kakao bandarini, wakafungua 2017, na meli zinapiga honi hapo chini, ndiyo maana ukumbi mkubwa, tani kama 12,500 hivi, umekalishwa juu ya springi 362 usigusane na jengo lililouzunguka. Nyumba ndani ya nyumba!

"Lakini fundi, mbona ukutani kwao kuna vishimo kama trei?" Haya. Vile ni vipande vya jasi vizito, karibu 10,000, kila kimoja kimechongwa kivyake, na kazi yake ni kutawanya sauti ndani, siyo kuzuia ya nje.

Spika kubwa itarekebisha? Kwenye ukumbi wa tailizi na vioo ukiongeza spika umeongeza mwangwi, weka kwanza mapazia mazito na viti vya kitambaa.

Ati upande wa ziwa ni kimya? Maji hayanyonyi sauti kama nyasi, muziki wa ng'ambo utakufikia vizuri tu.

Na bajeti "haitabadilika"... jumba la opera la Sydney, Australia, walipanga dola zao milioni 7 wakamaliza na milioni 102.

Mimi nikiitwa naangalia paa kwanza. Mabati matupu na mvua zetu hizi, mwigizaji atabaki anachezesha midomo tu.

Trei aliniachia, mke wangu anafuga kuku.