Kabla ya jembe: dhana potofu kuhusu wawindaji na wakulima wa kwanza

Wengi wetu tulikariri mpangilio mmoja shuleni: binadamu aliwinda na kuchuma matunda, njaa ikambana, akagundua kilimo, akajenga kijiji, akastaarabika. Ni mpangilio mzuri wa kujibia mtihani, lakini yaliyofukuliwa ardhini yanaukataa.

Dhana: Watu walilima kwanza, ndipo wakajenga makazi ya kudumu.

Ain Mallaha, kaskazini mwa Israeli, Wanatufi, jamii ya kale ya wawindaji na wachumaji, walikuwa na nyumba za mviringo zenye misingi ya mawe zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Shamba hawakuwa nalo. Waliishi kwa swala, samaki na nafaka za porini, na wafu wao waliwazika papo hapo. Mmoja alizikwa mkono wake ukiwa juu ya mtoto wa mbwa.

Dhana: Kuna siku mtu aligundua kuwa mbegu ikifukiwa huota.

Anayeishi kwa kuchuma mimea anajua fika mbegu hufanya nini. Pale Ohalo, kando ya Ziwa Galilaya, watu walisaga nafaka mwitu miaka 23,000 iliyopita. Kilichobadilika polepole ni mmea wenyewe. Suke la ngano mwitu likikomaa, punje hupukutika. Mvunaji mwenye mundu hubaki na zile ambazo hazikupukutika, na akizihifadhi kwa kupanda, msimu unaofuata za aina hiyo huongezeka kidogo. Mpaka ngano ya kushika punje ikatawala mashamba, miaka zaidi ya 2,000 ilikuwa imepita. Waliolima mwanzoni waliendelea kuwinda, na wajukuu wao vilevile.

Dhana: Kilimo kilileta nafuu na afya.

Hapa ndipo tunapowakosea sana wazee wetu wa kale, hasa wanawake. Abu Hureyra, kijiji cha kale kando ya mto Frati nchini Syria, mifupa ya wanawake ina vidole gumba vya miguu vilivyoharibika, magoti yaliyolika na migongo iliyoumia. Ni alama za kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, saa nyingi, kila siku, tangu usichana. Meno nayo yalisagika kwa changarawe zilizoingia kwenye unga. Sehemu nyingi wakulima wa mwanzo walikuwa wafupi kuliko wawindaji waliowatangulia, na meno yao yaliyooza yalikuwa mengi zaidi.

Kwa nini basi hawakuacha? Kwa sababu eneo dogo la shamba hulisha watu wengi, na mama aliyetulia mahali pamoja huzaa kwa kufuatana zaidi. Watu walipoongezeka, pori lisingewatosha tena.

Dhana: Kila mahali hatua zilikuwa zilezile.

Afrika Mashariki inaivunja dhana hii moja kwa moja: kwetu ng'ombe walitangulia mazao. Takriban miaka 5,000 iliyopita wafugaji walifika eneo la Ziwa Turkana, na pale Lothagam wakajenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe, ambamo wanakadiriwa kuzikwa watu wasiopungua 580, wake kwa waume na watoto. Kunde iliyopatikana katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, ina umri wa miaka 2,300 hivi, nayo ni miongoni mwa mazao ya kale zaidi kuthibitishwa katika ukanda huu. Mtama nao ulianza kugeuzwa kutoka mmea mwitu kuwa zao la shamba mashariki mwa Sudan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kwa mikono ya Waafrika.

Dhana: Wanaowinda hadi leo ni masalia ya Zama za Mawe.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni watu wa leo kama sisi. Hubadilishana asali kwa unga wa mahindi na majirani wakulima, na tatizo lao kubwa ni mashamba na mifugo inayoingia katika ardhi yao. Mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe wa Bonde la Yaeda ilipata hati ya hakimiliki ya kimila, ili iendelee kuwinda na kuchimba mizizi kwa mujibu wa sheria.