Je wajua kwa nini mhakiki wa filamu aliitwa "mama wa sinema ya Asia"?

Huku kwetu ukitaja filamu ya kihindi mtu anawaza nyimbo, mvua na steringi aliyekula risasi sita halafu anaamka, ila kule Delhi kulikuwa na mama mmoja, Aruna Vasudev, mzaliwa wa 1936, kazi yake ilikuwa kuangalia filamu, kuziandika na kuzitafutia watazamaji, na wenye fani yao wakambatiza mama wa sinema ya Asia. Kivipi sasa, mtu ambaye hata kwenye bango la filamu humuoni?

Ishu ilianzia kwenye mkanda wenyewe. Kabla ya intaneti filamu ilikuwa mzigo wa kubeba, yaani filamu ya saa mbili kwa mkanda wa milimita 35 ukiinyoosha inapita kilomita 3, inaviringishwa vipande vipande kwenye makopo, makopo yanapanda ndege, yanapita forodha, na yale maandishi ya tafsiri yako kwenye mkanda huohuo, kwaiyo kama nakala iliyopo imetafsiriwa Kifaransa basi wewe wa Delhi utajiju. Wenye hela ya kuhangaika na hayo yote walikuwa wale wa matamasha makubwa ya Ulaya kama Cannes na Berlin. Ndo unakuta Mhindi anakutana na filamu ya Kijapani au ya Kiirani ugenini Ulaya, wakati hao ni Waasia wenzake kabisa.

Vasudev aliijua hiyo njia maana alisoma Paris mpaka udaktari, akichunguza serikali inavyokata vipande vya filamu isivyovitaka, na 1978 akatoa kitabu kuhusu mambo hayo kwa upande wa India.

Mwaka 1988 akaanzisha jarida, Cinemaya, lilikuwa linatoka kila baada ya miezi mitatu. Jina lenyewe tamu, sinema halafu maya, neno la Kisanskriti la kiini macho. Na waandishi akawatafuta hukohuko Asia, filamu ya Ufilipino ielezwe na anayeijua Ufilipino, sio mtu wa Paris aliyeiona mara moja. Mi naona hapo ndo alicheza kama yeye.

Ila makala huwezi kuiangalia kwenye pazia la sinema, ukishamsifia mtu filamu atakuuliza naiona wapi. Ndo ukazaliwa NETPAC mwaka 1990, mtandao wa kuinua sinema ya Asia, na ujanja wake ni kwamba hauhitaji kuwa na tamasha lako, unapeleka majaji wako wachache kwenye matamasha ya wengine, kama Rotterdam na Busan, wanachagua filamu moja ya Asia wanaipa tuzo, na dairekta aliyekuwa hajulikani anarudi kwao ana jina. Tuzo hizo zipo mpaka leo.

La nyumbani kabisa lilikuja 1999, tamasha la Cinefan hapohapo Delhi, sasa Mhindi anaona filamu za majirani bila kuomba viza, na baadaye kampuni ya minada ya sanaa ya Osian's ikaingia, likawa Osian's-Cinefan.

Vasudev alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 88. Pembeni ya filamu alikuwa pia mchoraji, na hata huko hakutoka Asia, alishika sumi-e, ule uchoraji wa Kijapani wa brashi na wino mweusi.