Kugawanya duara kwenye kuchonga gia: maana yake, na kwa nini flaiwili ya skrepa inakufaa

Mtu akisema anataka kuchonga gia mwenyewe, watu wanamuuliza kisu atapata wapi. Kwangu mimi swali la kwanza ni atagawanya vipi. Kisu kikiwa na kasoro kidogo unapata gia yenye kelele, inafanya kazi hivyo hivyo, lakini mgawanyo ukikosea gia inazunguka nusu duara halafu inakwama, na hapo hakuna tupa itakayokuokoa.

Kugawanya ni hivi. Una kipande cha chuma cha duara na unataka kiwe na meno 30. Ukishakata bonde la kwanza (nafasi iliyo kati ya jino na jino), inabidi ukizungushe nyuzi 12 kamili, ukifunge kisicheze hata kidogo, ukate bonde la pili, uzungushe tena 12, hivyo hivyo mpaka yafike 30 na urudi pale pale ulipoanzia. Kifaa cha kuzungusha kwa hatua sawa na kufunga ndio kigawanyio, wengine wanakiita divaida tu.

Sasa ugumu uko wapi? Uko kwenye makosa kujumlishana. Ukipima kila jino kutoka kwa jirani yake, na kila mara ukakosea robo tu ya nyuzi upande ule ule, baada ya meno 30 umeshakosea nyuzi saba na nusu, yaani zaidi ya nusu ya nafasi ya jino zima. Gia yangu ya kwanza niliigawa kwa bikari, natembeza hatua kwa hatua kuzunguka ukingo, na nilikuwa makini kweli. Ilipotoka meno 29 yalikuwa mazuri, la 30 jembamba kama ukucha. Makosa yote madogo madogo yalikuwa yamekusanyika pale kwenye lile jino moja.

Dawa yake ni kutopima kabisa. Tumia duara ambalo mtu mwingine mwenye mashine nzuri ameshaligawa, na gari limejaa maduara ya namna hiyo. Lile ninalolipenda kuliko yote ni flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa sababu ya ringi ya meno ambayo stata inaikamata wakati wa kuwasha. Meno yake ni mengi, mara nyingi yanapita mia, yamepangwa sawa, na duara lenyewe ni kubwa. Ukubwa una maana sana hapa, maana kosa linapungua kadiri unavyosogea katikati: flaiwili ya kipenyo cha mm 300 ikiwa na kosa la mm 0.2 pale ukingoni, kwenye gia yako ya mm 60 iliyofungwa kwenye shafti hiyo hiyo linabaki mm 0.04.

Kwa hiyo unafunga flaiwili nyuma ya shafti, kipande unachokata mbele, halafu pini inayosukumwa na springi (ya valvu inatosha kabisa) inaingia katikati ya meno ya ringi. Hiyo pini usiichonge ikawa duara tu ukaishia hapo, ichonge kama kabari, iguse kuta zote mbili za bonde kwa pamoja, la sivyo itacheza na utakuwa umerudi kwenye kubahatisha. Shafti yenyewe ikae kwenye habu ya gurudumu yenye beringi za rola za mshazari, zile zinazofungwa kwa pea, kwa sababu ukikaza nati yake unaondoa mchezo wote, wa pembeni na wa mbele na nyuma.

Kabla hujaibeba flaiwili kutoka skrepa ikague ringi. Injini ikizimwa huwa inapenda kusimama sehemu zile zile, kwa hiyo stata inakula meno ya sehemu hizo tu, na kwenye injini ya silinda nne mara nyingi utakuta sehemu mbili zinazotazamana zimelika na kwingine ni kama mpya. Kulika kunaanzia upande ambao stata inaingilia, basi pini yako iguse ule upande mwingine.

Na uhesabu meno, hesabu mara mbili, weka alama ya chaki. Ringi inakupa mgawanyo wa namba zinazoigawa bila baki tu, kwa kuruka meno sawa kila hatua. Yenye meno 120 ni hazina, unatoa 60, 40, 30, 24, 20, 15, 12 na kuendelea. Yenye 116 inaonekana inakaribiana nayo lakini inakupa 58, 29, 4 na 2 basi. Gia ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) nayo inafaa, ina meno mara mbili ya ile ya krenki (shafti kuu ya injini) kwenye injini ya mipigo minne. Ile kubwa ya difu, kwenye ekseli inayosukuma magurudumu, mara nyingi haifai, maana watengenezaji hupenda namba zisizogawanyika pamoja, mfano 41 kwa 10, ili jino lile lile lisikutane na mwenzake kila mara, na 41 haigawanyiki kwa kitu.

Ukitaka namba ngumu kama 37 kuna njia ya utepe. Unachukua utepe wa chuma au karatasi ngumu, unapiga alama 37 kila mm 25, jumla mm 925, halafu unakereza gurudumu la mbao mpaka utepe ulizunguke na ncha zikutane sawasawa, kipenyo kitakuwa kama mm 294. Kupima kwenye mstari ulionyooka ni rahisi kuliko kwenye duara, na gurudumu kubwa linapunguza kosa kama ilivyo kwa flaiwili.

Vigawanyio vya kiwandani vingi vina gia ya mnyoo (shafti yenye uzi kama wa skrubu inayozungusha gia) ya 40 kwa 1, zungusha mkono mara 40 shafti izunguke mara moja. Watu wanaikimbilia boksi ya usukani wa zamani kwa sababu ina mnyoo, lakini gia yake nyingi ni kipande tu cha duara, haimalizi mzunguko, kwa hiyo usihangaike nayo.

Kisu ni hadithi nyingine, nitasema machache. Springi bapa ya lori inatoa chuma kizuri, na umbo la jino likopi kwenye gia ya rivasi ya giaboksi ya mkono, maana gia nyingi za rivasi zina meno yaliyonyooka, wakati gia zingine za giaboksi hiyo meno yake ni ya mshazari. Valvu za egzosti usizikate ovyo kutafuta chuma, baadhi zina sodiamu ndani, na sodiamu ikigusa maji inalipuka.

Ukishafunga kila kitu usishuke kina mara moja. Gusa juu juu tu, mkwaruzo mmoja kila hatua, zunguka duara zima, hesabu. Mikwaruzo ikiwa 30 na wa 31 ukaangukia juu kabisa ya ule wa kwanza, hapo shusha kisu mpaka kina chake, ambacho ni moduli (namba ya ukubwa wa jino, kwa mm) mara 2.25, kwa hiyo moduli 2 ni mm 4.5.