Uliza kwanza nani alifyatua risasi

Juzi kijana mmoja aliniuliza, kwa nia njema kabisa: "Mzee, kwani ninyi watu wa maridhiano bado mna kazi gani? Si Wakenya walishasameheana?" Swali hili nimelijibu tangu 2008, na leo nalijibu kwa maandishi kwa sababu nimechoka. Ndani yake kuna dhana ileile kila mara: makabila yaligombana, kwa hiyo makabila yakikaa chini na kupeana mikono, yamekwisha.

Neno linaloniudhi ni hilo "yaligombana". Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kati yao, 405 walikufa kwa risasi, na tume iliwanyooshea kidole polisi. Zaidi ya theluthi moja ya vifo! Sasa niambie: mama wa Kisumu ambaye mwanawe alipigwa risasi akikimbia, apatane na nani? Jirani hakumkosea kitu. Mwaka uliofuata niliketi katika kikao ambako mwezeshaji alitugawa kwa makabila ili tuombane msamaha. Mama mmoja akasimama: "Mimi sina neno na hawa. Nileteeni aliyevaa sare." Hakuna aliyemjibu. Mimi pia nilinyamaza, na hadi leo sijui ningesema nini.

Eldoret na viunga vyake mambo yalikuwa mengine. Kule tume ilikuta dalili za maandalizi: mikutano, fedha, vijana kusafirishwa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwisho wa mwezi huo kisasi kikazuka Nakuru na Naivasha, nacho pia kilikuwa na wapangaji wake. Kwa hiyo ukimleta kijana aliyeshika kiberiti mbele ya jirani yake, umefanya jambo jema, lakini umeleta nusu ya habari. Aliyenunua petroli hayumo kikaoni. Huyo kijana anaomba msamaha kwa deni ambalo si lake peke yake, na anajua. Jirani pia anajua. Ndiyo maana vikao vingi vinaisha kwa chai na macho yanayotazama chini.

Jambo ambalo wengi hawataki kulisikia ni kwamba vurugu hutangulia maridhiano, ndiyo, lakini maridhiano mabovu nayo hutangulia vurugu. Bonde la Ufa liliwaka 1992. Liliwaka tena karibu na uchaguzi wa 1997, mwaka ule ule wa mauaji ya Likoni, Pwani. Kila mara wazee waliitwa, fahali akachinjwa, watu wakaambiwa warudi mashambani. Ripoti ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza vurugu hizo ilikamilika 1999, ikafungiwa hadi 2002, na vigogo waliotajwa hawakufikishwa mahakamani. Mashamba yaliyotwaliwa 1992 yalikuwa bado yanagombaniwa 2007. Mtu aliyefukuza mwenzake akaachiwa ploti, kisha akaalikwa kwenye kamati ya amani, alijifunza somo gani? Nawauliza hivyo wafadhili kila mwaka, na kila mwaka wananiuliza idadi ya washiriki.

Yanayofuata mnayajua. Mkataba wa 28 Februari 2008 kati ya Kibaki na Raila chini ya upatanishi wa Kofi Annan, serikali ya nusu mkate, yaani ya mseto, Operesheni Rudi Nyumbani ya kuwarudisha waliofukuzwa, shilingi 10,000 kwa familia na 25,000 kwa aliyebomolewa nyumba. Wakimbizi wa ndani waliopokewa na jamaa zao, wengi wao hawakupata hata hizo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa 2013, Bunge likaiweka kando. Kesi za vurugu hizo katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Hague, zikaanguka moja moja, ya mwisho Aprili 2016.

Lakini lipo linalonikosesha usingizi. Mwaka 2013 viongozi wa pande mbili zilizouana Bonde la Ufa, Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliungana kutafuta kura, na Bonde likatulia. Kwa miaka mingi nimekataa kuuita muungano ule maridhiano. Nimeuita hesabu ya kura. Bado naamini hivyo. Ila watu hawakuuawa, na vikao vyangu vyote havijawahi kuzuia mauaji kwa kiasi hicho. Vitabu vya fani yetu havina nafasi ya ukweli huu, nami sijui niuweke wapi.

Kule Burnt Forest, karibu na Eldoret, namfahamu bibi aliyerudi shambani kwake 2009. Kila asubuhi hununua maziwa kwa jirani ambaye wanawe walikuwa katika kundi lililochoma nyumba yake. Hawajawahi kulizungumza jambo hilo. Nilipomuuliza kama angependa niwakutanishe, alinitazama kwa huruma. "Wewe ukileta kikao," akasema, "mimi nitakosa maziwa."

Niliondoka nikiamini kwamba labda wale wawili walishafika mahali ambapo mimi sijui kumfikisha mtu. Kisha Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, nilipita kumsalimu. Kibuyu cha maziwa kilikuwa mezani kama kawaida. Wajukuu hawakuwapo. Alikuwa amewapeleka kwa dada yake Nyeri, pamoja na hati ya shamba.