Bundi wa Plastiki Halindi Paa

Wateja wengi wanaotuita tuwaondolee njiwa wameshanunua bundi. Mifereji ya paa imeziba kwa manyoya na kinyesi, ukingoni amesimama bundi wa plastiki mwenye macho ya manjano, na njiwa wametulia ubavuni mwake wakiota jua. Kisha linakuja swali lile lile: "Labda huyu ni mdogo, hakuna mkubwa zaidi?" Hata ukipata mwenye ukubwa wa mbuzi, matokeo hayatabadilika.

Dhana: Ukiweka sanamu ya bundi au mwewe, ndege watahama

Siku ya kwanza ndege hushtuka kweli, na hapo ndipo watu wanapopotoka. Njiwa wanaruka, wanatua paa la jirani, wanachungulia kwa mbali. Mwenye nyumba anaridhika. Baada ya siku chache, pengine saa chache, wanarudi mmoja mmoja, wakianzia upande wa mbali na kusogea taratibu, hadi mwisho wanamtua bundi kichwani.

Kinachotokea ni kuzoea. Ndege anayekimbia kila kivuli hapati muda wa kula, kwa hiyo hujifunza haraka kipi kina hatari na kipi hakina. Kitu kisichosogea, kisichogeuza kichwa na kisichowahi kumkamata mwenzake, hofu yake huisha. Mwaka 1937 wanasayansi wa tabia za wanyama Konrad Lorenz na Niko Tinbergen waliwapitishia ndege wachanga umbo moja juu ya vichwa vyao: likienda upande mmoja lilifanana na mwewe mwenye shingo fupi, likienda upande wa pili lilifanana na bata bukini mwenye shingo ndefu. Waliona umbo hilo likitisha zaidi lilipokwenda kama mwewe. Mwaka 1961 mtafiti mwingine, Wolfgang Schleidt, alirudia jambo hilo kwa batamzinga na kuonyesha kwamba uzito uko kwenye ugeni: umbo lililopita mara kwa mara lilizoeleka, na lile lililopita kwa nadra ndilo lililowashtua, liwe la mwewe au la. Kumbuka pia kwamba maumbo hayo yote yalikuwa yakipita angani. Sanamu iliyofungwa kwa skrubu ukingoni haisogei, tena inaonekana mchana kutwa, kila siku, mahali pale pale. Ukitaka kuwafundisha ndege wasiogope, hutapata njia bora kuliko hiyo.

Bundi mwenyewe ni chaguo baya. Bundi wengi huwinda usiku, na mchana hujificha penye majani mengi, si juu ya ukingo mweupe wa ghorofa. Kwa kunguru hali ni mbaya zaidi. Kunguru akimwona bundi mchana huwaita wenzake, wakamzunguka kwa kelele na kumrukia. Wawindaji wa kunguru hutumia sanamu ya bundi makusudi ili kuwavuta kunguru waje karibu na bunduki. Kwa hiyo mwenye tatizo la kunguru anayesimamisha bundi bustanini huenda anawaita.

Je, sanamu haina kazi kabisa? Inayo, lakini ni kazi ya muda mfupi: wiki moja au mbili, wakati matunda yanaiva au mafundi wakiwa bado hawajamaliza kufunga wavu. Hata hapo ina masharti. Iwe inasogea yenyewe; tiara yenye umbo la mwewe, iliyofungwa kwenye ncha ya nguzo ndefu inayonesa, huishinda kwa mbali sanamu iliyosimama tu. Tiara hiyo inahitaji upepo wa wastani, kwani upepo ukikata inaning'inia kama kitambaa, na ukizidi inachanika. Ihamishwe kila baada ya siku mbili au tatu. Iwekwe mahali ambapo ndege anaiona kabla hajatua. Ya nyuma ya kona hailindi chochote. Ichanganywe na kelele au utepe unaomeremeta, na kazi ikiisha ishushwe na kufichwa ndani. Inayoachwa juu mwaka mzima mwaka ujao haitamshtua hata kifaranga.

Mafanikio yanategemea zaidi ndege ameshikamana na mahali kwa kiasi gani. Anayesimama kuota jua huondoka kwa usumbufu kidogo. Anayelala hapo kila usiku ni mgumu. Mwenye kiota haondoki. Njiwa hulalia mayai siku 18 hivi, na makinda hukaa kiotani takriban mwezi mmoja. Katika muda wote huo usitegemee sanamu imfukuze mzazi. Kabla ya kugusa kiota, angalia sheria ya nchi yako, kwa sababu aina nyingi za ndege zinalindwa pamoja na mayai yao.

Pesa ya bundi ingeanzia kwenye kuwazuia wasitue. Wavu uwe na tundu za milimita 50 kwa njiwa, 28 kwa kwezi, 19 kwa shorewanda. Zungushia kwanza waya wa chuma usioshika kutu kwenye kulabu, ukaze, ndipo ushikize wavu juu yake. Wavu uliolegea hunasa ndege na kuwaua taratibu, jambo ambalo ni ukatili usio na sababu. Ndege hupenyea kwenye pembe na mahali bomba linapopita, kwa hiyo paanzie hapo ukaguzi, na uhakikishe hakuna ndege aliyebaki ndani kabla ya kufunga upande wa mwisho. Ukingo mwembamba unaweza kufunikwa kwa bati laini lenye mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi, njiwa watateleza.

Dhana: Miiba ya kuzuia ndege haifanyi kazi

Inafanya, ikifungwa vizuri. Wengi hubandika mstari mmoja katikati ya ukingo mpana na kuacha nafasi mbele, na njiwa husimama hapo hapo. Funika upana wote. Kwangua kinyesi na vumbi kwanza, osha, acha pakauke, ndipo uibandike kwa gundi ya silikoni, la sivyo itabanduka. Usiitumie kwa shorewanda: hupita katikati yake na kutumia miiba hiyo hiyo kushikilia kiota.

Dhana: Kifaa cha mawimbi ya sauti tusiyoisikia huwafukuza

Binadamu mwenye masikio mazuri husikia hadi kilohetsi 20 hivi (kipimo cha wembamba wa sauti). Ndege wengi wanaishia chini ya hapo, wengi wao karibu na kilohetsi 10. Kifaa kinachotoa sauti juu ya 20 hakisikiki kwako wala kwa njiwa. Usinunue.

Dhana: Picha moja ya mwewe dirishani inazuia ndege kugonga kioo

Ndege haogopi picha hiyo. Anaikwepa tu na kugonga pembeni yake. Kinachosaidia ni alama ndogo zilizotapakaa kioo kizima, kwa upande wa nje, zikiachana sentimita 5.

Nyoka wa mpira, maputo yenye macho na santuri zinazometameta vina ugonjwa ule ule wa bundi: vinazoeleka. Na dawa ya nondo usiitupe darini. Hisi ya harufu si inayomwongoza njiwa kuchagua pa kulala, na mvuke wake unawadhuru watu walio chini ya dari hiyo, watoto zaidi.

Dhana: Kinyesi kikikauka kinafagiliwa tu

Hili linatutia hofu kuliko yote, maana watu hulifanya bila hata kitambaa puani. Vumbi la kinyesi kikavu linaweza kubeba vimelea vya kuvu vya histoplasma na kriptokoka, pamoja na bakteria wa homa ya kasuku, na vyote huingia kwa njia ya pumzi. Vaa barakoa inayochuja vumbi laini, ya daraja la N95 au FFP3, glavu na miwani. Nyunyizia maji yenye sabuni hadi kilowe chote, ukwangue kikiwa bado na unyevu, ukitie kwenye mifuko miwili na kuifunga. Kikianza kukauka katikati ya kazi, simama unyunyize tena. Mashine ya nyumbani ya kufyonza vumbi isitumike, kwa sababu hurudisha vumbi laini hewani.