Makato yapo kwenye hati ya mshahara, lakini yamefika NSSF?

Mwanachama anapofika kwenye dirisha la NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, akiwa na miaka 59 na bahasha ya hati za mshahara, mara nyingi tumeshachelewa. Hati zinaonyesha alikatwa kila mwezi. Taarifa yake ya michango ina mapengo: miezi minne hapa, mwaka mzima pale. Kampuni ilishafungwa na mhasibu wake hajulikani aliko. Inauma, kwa sababu pengo hilo lingeonekana mapema kama taarifa ingeombwa kila mwaka.

Kwa sekta binafsi Tanzania, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara ghafi. Mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Inayobaki ni ya mwajiri. Anayelipwa Sh600,000 anapaswa kuona Sh120,000 kila mwezi. Akikuta Sh80,000, basi mwajiri amepeleka hesabu ya mshahara wa Sh400,000. Kosa hili huwapita wengi, maana miezi yote inaonekana imelipwa.

Tuchukue miezi sasa. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kilichoanza Julai 2022 kinazidisha idadi ya miezi uliyochangia kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha kinagawa kwa 580. Kwa wastani wa Sh600,000 kwa mwezi, mwaka mmoja usiowasilishwa unapunguza pensheni kamili kwa takribani Sh149,000 kila mwaka, maisha yote. Kibaya zaidi, pensheni ya uzeeni inataka angalau miezi 180. Mwenye 175 anabaki na malipo ya mkupuo, hapati pensheni ya kila mwezi.

Ukiona pengo, usianze na ugomvi. Huenda fedha zililipwa ila namba ya uanachama ilikosewa, au jina halilingani na la kitambulisho cha NIDA. Mwandikie mwajiri, taja miezi husika, omba uthibitisho wa malipo na orodha ya wachangiaji ya miezi hiyo. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kama fedha zilifika, barua ya mwajiri ya kurekebisha taarifa ndiyo itakayohitajika.

Kama hazikulipwa, nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu na kazini ukiwa na mkataba na hati za mshahara. Afisa matekelezo atakagua vitabu vya mwajiri na kudai malimbikizo pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Kumkata mfanyakazi bila kuwasilisha ni kosa kisheria, na mfuko unaweza kumfikisha mwajiri mahakamani. Wafanyakazi wakienda wengi kwa pamoja, au kupitia chama chao, hakuna anayeonekana mchochezi peke yake.

Jambo moja nalikataa kabisa: mwajiri kukurudishia makato yako mkononi "tumalizane". Unapoteza mchango wa mwajiri, na miezi hiyo haihesabiwi.

Najua hofu ya kufukuzwa ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikubali mtu aachishwe kazi kwa kudai haki yake ya kisheria. Ikitokea, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Usisubiri suala la michango liishe kwanza, kwani hayo ni madai mawili tofauti.