Chupa ya soda haitoshi kupima tindikali ya ziwa

Hatukosi mtu anayekuja maabara na chupa ya soda yenye maji ya ziwa. Ameyachota jana, yamelala kwenye buti la gari, naye anataka kujua kama maji ya kwenye vizimba vyake vya samaki "yamechacha". Tunampimia, ila namba anayoondoka nayo ni ya chupa, si ya ziwa.

Kinachobadilisha mambo ni mwani. Jua likiwaka, mwani hunyonya kabonidayoksaidi iliyoyeyuka majini, na pH hupanda (hicho ni kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi). Kwenye ghuba zenye mwani mzito inaweza kuvuka 9 alasiri. Usiku mwani hupumua, gesi ileile hurudi majini na pH hushuka mpaka alfajiri. Aliyepima saa kumi na mbili asubuhi na aliyepima saa tisa mchana wanaweza kubishana kutwa nzima, kumbe wote wana haki. Na ubishi wao si wa kitu kidogo: pH ikishuka kwa namba moja, tindikali imeongezeka mara 10.

Ndiyo maana tunapima palepale kwenye mtumbwi, kipimio kikiwa kimesawazishwa kwanza, tunaandika saa, kina na joto, kisha tunarudi mahali hapo saa ileile, mwezi baada ya mwezi. Mvua nayo tunaipima, kwa kuwa ndiyo inayolipatia Ziwa Victoria sehemu kubwa ya maji yake. Mvua safi kabisa ina pH ya karibu 5.6, kwa hiyo ukiona iko chini ya 7 usikimbilie kulaumu moshi wa kiwanda.

Mimi binafsi shamba linanitia wasiwasi kuliko ziwa. Udongo wa kichanga, ule Wasukuma wanaouita luseni, hauna nguvu ya kuhimili tindikali, tofauti na udongo mweusi wa mbuga. Ukiutilia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kila msimu, huchacha polepole. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi, na fosforasi hukamatwa udongoni. Mkulima huongeza mbolea, kumbe shamba linadai chokaa ya kilimo ya kupunguza tindikali.

Ukituletea udongo, chimba sentimita 20 sehemu kama 15 za shamba, changanya kwenye ndoo safi, utoe nusu kilo, uanike kivulini. Tafadhali usiufunge kwenye mfuko uliokuwa na mbolea. Tutaipima mbolea.